Ndoto Yenye Muhuri

Kwa waraka wenye mihuri mitatu na sahihi moja ndefu, umma ulitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, wanafunzi wote wa vyuo waliruhusiwa kuota ndoto zenye maana. Ndoto zisizo na maana ziliachwa ziendelee kama zamani, chini ya usimamizi wa familia.

Waraka huo ulitoka katika Idara ya Tuzo na Kumbukumbu, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kushoto, baada ya choo kinachosubiri fundi. Aliyeuandika alikuwa Kaimu Mkurugenzi, mtu mfupi, nadhifu, mwenye miwani ya kusomea ambayo aliivaa hata alipokuwa hasomi, ili asikutwe hajajiandaa. Jengo zima lilimwita Kaimu tu. Alikuwa amekaimu kwa miaka tisa, na watu walikuwa wamekwisha kusahau kwamba kukaimu ni jambo lenye mwisho.

Mlangoni pake palikuwa na vibao viwili vya shaba. Kikubwa kiliandikwa MKURUGENZI. Juu ya hicho, kwa skrubu mbili, kilikazwa kidogo kilichoandikwa KAIMU. Katika droo ya juu ya meza yake alihifadhi bisibisi yenye mpini mwekundu, imeviringishwa ndani ya kitambaa cha kufutia miwani, ikisubiri siku atakayothibitishwa kazini ili kile kibao kidogo kishuke. Kila Ijumaa aliitoa, akaipangusa, akairudisha. Katika utumishi wote wa umma hapakuwa na chombo kilichotunzwa vizuri zaidi na kutumika kidogo zaidi.

Siku hiyo sasa ilikuwa imekaribia, na aliyeisogeza alikuwa marehemu.

Marehemu alikuwa mwalimu mkongwe wa chuo. Kwa miaka arobaini alifundisha saikolojia ya vilindi, yaani elimu ya mambo ambayo mtu anayajua bila kujua kwamba anayajua. Kazi yake ilikuwa alama: kwa nini huyu huota ngazi isiyofika juu, kwa nini yule huota mlango uliofungwa kwa ndani. Alipofariki aliacha wosia wa sentensi moja, na mjane wake akauleta ofisini ukiwa umekunjwa ndani ya kitabu: *Vitabu vyangu vyote apewe mwanafunzi atakayeandika ukweli juu ya alama moja, na mke wangu ndiye atakayemchagua.*

Kaimu aliusoma mara mbili, akavua miwani, akasikitika.

"Mama, poleni sana kwa msiba. Lakini hii ni sentensi moja."

"Ndiyo, baba."

"Sentensi moja haitekelezeki. Haina hata kiambatisho."

"Umeielewa?"

"Kuielewa nimeielewa, ila..."

"Basi imekwisha kufanya kazi yake," alisema Mjane, akasimama, akaomba apewe kitu cha kuonyesha kwamba ameuacha wosia. Kaimu akamwandikia stakabadhi: *Imepokelewa, sentensi, moja.*

Alipobaki peke yake alitambua kwamba bahati ilikuwa imempitia mlangoni na kuketi. Mwenyekiti wa Bodi, mtu mkubwa wa mwili na wa madaraka, alikuwa akilalamika siku nyingi kwamba Idara ya Tuzo haijatoa tuzo yoyote tangu ianzishwe. Kaimu alimpigia simu. Mwenyekiti alisikiliza, akaguna, akasema neno ambalo Kaimu alikuwa amelisubiri kwa miaka tisa: "Fanya sherehe. Nitakuja kuwa mgeni rasmi. Ikienda vizuri, nakuthibitisha palepale jukwaani."

Idara ikaingia kazini.

Iliundwa Kamati ya Kuainisha Alama, ikakaa siku kumi na moja. Nyoka aliondolewa mapema, kwa kuwa yuko chini ya mamlaka ya wanyamapori na hawezi kuotwa bila kibali. Maji yalihitaji barua ya mamlaka ya maji, ambayo ilijibu kwamba hayapatikani hata kwa walio macho. Kupaa angani kulipelekwa kwenye usafiri wa anga na hakukurudi. Kivuli kilizua mjadala mzito, wajumbe watatu wakishikilia kwamba ni suala la umeme na wawili kwamba ni suala la misitu. Hatimaye zikaidhinishwa alama tatu: mwavuli, ufunguo wa akiba, na kiti. Kiti kilipita bila kupingwa, kwa sababu hapakuwa na mjumbe aliyekuwa tayari kusimama akipinge.

Baada ya alama ilikuja fomu ya kuandikia ndoto, ambayo kila mwanafunzi angeiambatanisha na insha ya kuieleza. Iliitwa ND 1, ilikuwa na kurasa sita, na ilipigwa chapa na Bi Mhazili, mwanamke mwembamba aliyekuwa amewahudumia wakurugenzi wanne kwa utulivu uleule. Alikuwa na kipaji cha kupiga chapa bila kutazama vitufe, na mara nyingi bila kutazama maana, mpaka pale maana ilipomchoma kidole.

"Bosi, hapa pameandikwa 'saa ya kuanza kuota'. Mtu aliyelala ataijuaje?"

"Atazame saa."

"Akiwa amelala?"

"Atazame kabla ya kulala, na tena mara tu baada ya kulala."

Bi Mhazili akapiga chapa.

"Na huyu shahidi wa ndoto, bosi. Atakuwa amekaa wapi?"

"Ndani ya ndoto, bila shaka. Akikaa nje atashuhudia nini? Kukoroma?"

"Haya. Na akikataa kutia sahihi?"

"Basi ndoto haikuotwa. Mbona jambo dogo hilo?"

Sasa, Idara hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo haikuwahi kuvunjwa. Hakuna fomu iliyotoka nje bila kuambatanishwa na nakala iliyokwisha kujazwa, yenye muhuri wa MFANO. Mwaka mmoja fomu ya likizo ilitoka bila mfano, na wafanyakazi kumi na saba wakajikuta wamejistaafisha. Kwa hiyo ND 1 nayo ilihitaji mfano, na mfano ulihitaji ndoto.

"Naweza kuijaza mimi," alisema Bi Mhazili. "Juzi nimeota nimepotelewa na kiatu kimoja sokoni."

Kaimu alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwona mwenzake amesimama karibu na shimo. "Bi Mhazili, una daraja la kuota kwa niaba ya Idara?"

"Sina, bosi."

"Ndoto ya taasisi huotwa na mkuu wa taasisi."

Akafunga mlango ili atunge ndoto. Siku ya kwanza hakupata kitu. Siku ya pili alipata mwavuli, lakini hakujua mwavuli ule ulikuwa ukifanya nini. Siku ya tatu alitambua kwamba kuandika "kama ilivyoelekezwa" kwa miaka tisa kumeikausha sehemu ya kichwa chake inayotunga, na kwamba ndoto pekee aliyokuwa nayo ni ile iliyomtembelea mara tatu kwa wiki. Akaiandika ilivyo. Alichobadilisha ni kimoja tu: kila palipokuwa na "mimi" alitia "mhusika".

*Mhusika yumo katika chumba cha mtihani,* ilisomeka ND 1 ya mfano. *Watahiniwa wengine wamekaa kwenye mabenchi, bali mhusika amekaa kwenye kiti kikubwa cha ngozi, na miguu yake haifiki sakafuni. Amevaa koti na tai, na chini amevaa kaptura ya shule. Amekalia karatasi. Hawezi kuinuka, kwani akiinuka itaonekana. Mlango unagongwa. Sauti inasema: "Hujambo? Tumekuja kuchukua kiti." Mhusika anaamka. Alama: kiti (rejea Jedwali la Alama Zilizoidhinishwa, namba tatu). Shahidi: mwenye sauti.*

Bi Mhazili aliipiga chapa, na safari hii alitazama maana.

"Bosi, karatasi yenyewe ina nini?"

"Karatasi ipi?"

"Aliyoikalia mhusika."

"Hiyo haimo kwenye fomu," alisema Kaimu.

Karatasi ilikuwepo. Miaka tisa kabla ya hapo, Kaimu alikuwa karani wa stoo ya samani, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo meza huletwa zikiwa na miguu mitatu na kuandikiwa kwamba zina minne. Siku moja alipanda ghorofa ya pili kumletea Mkurugenzi kiti kipya cha ngozi. Saa ileile Mkurugenzi aliugua akakimbizwa hospitali, na tarishi aliyetoka juu na barua ya dharura alihitaji sahihi ya yeyote aliyekuwa ofisini. Aliyekuwa ofisini alikuwa karani, bisibisi mkononi. Barua ilimteua kukaimu kwa siku ishirini na moja, au mpaka apatikane mkurugenzi mpya, lolote litakalotangulia.

Zilitangulia siku ishirini na moja, na hapakuwa na aliyekuja kuuliza. Karani hakuweza kuichana barua, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoonyesha kwamba aliwahi kuteuliwa. Hakuweza kuipeleka masjala, kwa kuwa makarani wa masjala wanajua kuhesabu. Basi akalegeza skrubu mbili za kiti, akaisukuma barua katikati ya ubao na mto, akaketi. Tangu hapo kila alipojisogeza kiti kililia *kwaru*, naye akakohoa ili kukifunika. Madaktari watatu walikuwa wamekwisha kumtibu kifua. Barua mpya ya uthibitisho ndiyo ambayo ingemponya.

Mwezi ukapita. Siku ya mwisho ya kupokea insha, Bi Mhazili aliingia na bahasha mikono miwili.

"Zimefika arobaini na sita, bosi."

"Vizuri sana! Zinahusu alama zipi?"

"Kiti."

"Zote?"

"Zote. Tena kiti kilekile."

Kaimu hakuelewa. Bi Mhazili alimfungulia ya juu, akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Katika kila moja palikuwa na koti, tai, kaptura na miguu isiyofika sakafuni.

"Wamenakili mfano!"

"Kifungu cha kumi na nne, bosi. 'Mwombaji atafanya kama inavyoonyeshwa katika mfano.' Wamefanya. Halafu, kusema kweli, ndoto zao hazikuwa na shahidi. Mmoja alimwita mama yake aingie, mama akasema ana kazi. Wakaona heri waeleze ndoto ambayo tayari ina muhuri. Yako."

"Si yangu. Ni ya mhusika."

"Ndiyo, bosi. Ya mhusika."

Alizisoma peke yake, mlango umefungwa. Insha ya kwanza ilisema mhusika ni mtoto aliyevaa koti la baba yake na kuogopa baba asirudi mapema. Ya tano ilieleza, kwa tanbihi kumi na mbili, kwamba miguu kutofika sakafuni ni dalili ya cheo kilichokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Kaimu alichungulia chini ya meza. Ncha za viatu zilikuwa zikigusa, visigino havikugusa. Akavuta juzuu mbili za Kanuni za Kudumu, akazikanyaga, akaendelea. Ya kumi na tisa ilishauri mhusika aonewe huruma lakini asikabidhiwe funguo. Ya thelathini na moja, ambayo mwandishi wake yaelekea alikuwa na haraka, ilikuwa na neno moja: *Ainuke.*

"Bosi, unakohoa sana leo," Bi Mhazili alisema kutoka nje.

"Vumbi!"

Shauri la kwanza lililomjia lilikuwa kuzifuta zote. Lakini bila insha hapana mshindi, bila mshindi hapana sherehe, na bila sherehe Mwenyekiti wa Bodi hapandi jukwaani kumthibitisha mtu. Akatafuta iliyo laini. Aliipata ya arobaini, iliyosema kwamba kiti ni ishara ya maono, na miguu haifiki chini kwa sababu mhusika anapaa. Akaibandikia kikaratasi cha PENDEKEZO, akazituma zote nyumbani kwa Mjane, hiyo ikiwa juu.

Mjane alirudi siku ya nne. Hiyo ya juu alikuwa ameitumia kufungia miwani yake.

"Nimempata," alisema, akaweka mezani kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono. "Binti wa mwaka wa pili. Baba yake ni fundi wa makochi."

Kaimu alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kutulia, kwa kuwa alijua kwamba akitikisika kiti kitalia. *Baba yangu hushona viti,* aliandika binti. *Nimemsaidia tangu nikiwa darasa la nne. Katika mito ya watu nimeona pete, picha, matokeo ya mitihani na barua. Baba huniambia kwamba mwenye kiti kibovu hukileta na kwenda zake. Mwenye kuficha kitu huleta kiti kizima, akasimama hapohapo, akamtazama fundi mikono. Watu husema kiti katika ndoto ni cheo. Mimi nasema hivi: mhusika huyu hasumbuliwi na kiti. Anasumbuliwa na karatasi, na naamini karatasi ipo.*

"Mama," Kaimu alisema polepole, "hii haina marejeo hata ya mtaalamu mmoja."

"Ina baba yake."

"Hii si saikolojia. Huu ni ufundi."

"Mume wangu alitafuta tofauti ya hayo mawili kwa miaka arobaini, asiipate." Akasimama kuondoka. "Lakini hiyo ndoto ya mfano, baba, nani aliiota?"

"Taasisi, mama."

"Ipe pole," alisema Mjane.

Asubuhi ya sherehe Kaimu alivaa suti ya kijivu, akamkabidhi Bi Mhazili bisibisi pamoja na kitambaa chake. "Iweke mkobani. Leo lazima itahitajika. Tukishuka jukwaani tu, tunapanda wote kukitoa kile kibao. Nataka mtu ashuhudie."

"Nitakuwa nayo, bosi."

Kisha akaketi kwa mara ya mwisho akiwa Kaimu. Alikuwa akijizoeza sura ya mtu aliyeshangazwa na heshima, na mlango ukagongwa.

"Hujambo, mzee?" ilisema sauti. "Tumekuja kuchukua kiti."

Kaimu alisubiri kuamka. Hakuamka. Wakaingia wapagazi wawili, mmoja mwenye mabega mapana na mwenzake aliyeshika karatasi.

"Kiti gani?" aliuliza, na sauti ikatoka ya mtahiniwa.

"Hicho. Imeandikwa mgeni rasmi atakalia kiti cha hadhi ya juu kuliko vyote jengoni. Wakuu wengine wameshusha vyao, si unajua hawakubali kukalia kiti cha mtu. Tumevipima vyote, chako kimezidi kwa mgongo."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

Mpagazi alisoma chini ya karatasi. "Wewe, mzee. Mwaka wa pili wa kukaimu."

"Kiti hiki kibovu."

"Tutakikaza."

"Kina kunguni."

"Wageni rasmi wamezoea."

Kaimu alishika mikono ya kiti. Wapagazi walitazamana, wakainama, wakakiinua pamoja naye, kwa heshima zote, mpaka mlangoni. Hapo hawakupita. Wakajaribu ubavu, wakajaribu kinyumenyume. Bi Mhazili alivisogeza vyungu vya maua bila kuulizwa.

"Mzee," alisema mwenye mabega, jasho likimtoka, "mlango huu unapitisha kimoja. Ama wewe, ama kiti."

Akashuka.

Ukumbini, safu ya mbele ilikuwa imejaa wakuu wa idara, kila mmoja kwenye kiti alichokishusha kutoka ofisini kwake, na nyuma yao wanafunzi kwenye viti vya plastiki. Kwa Kaimu hapakuwa na kiti, kwa kuwa ratiba ilimhesabu kuwa anacho. Alisimama ukutani karibu na swichi ya taa. Mwenyekiti wa Bodi alipanda jukwaani, akajishusha kwenye ngozi, na ukumbi mzima ukasikia: *kwaru.* Kaimu akakohoa, lakini alikuwa mbali mno, na watu waliona mtu anakohoa na kiti kinalia, vitu viwili visivyohusiana.

Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa ndefu. Alisema taifa lisiloota halina kesho, *kwaru*. Alisema vijana waote kwa nidhamu, *kwaru*, na kwa kufuata ratiba, *kwaru kwaru*. Mwishowe alimtafuta Kaimu kwa macho, akatabasamu, akapapasa mfuko wa koti palipokuwa na bahasha ndefu nyeupe. "Leo kuna mtu nitakayemtoa kwenye mashaka. Lakini kwanza mshindi."

Binti wa fundi alipanda. Alikuwa mdogo kuliko mwandiko wake, na kidole chake cha kati kilikuwa na sugu ya sindano. Akasoma insha yake bila kuinua macho. Alipofika mwisho alisema, "Pendekezo. Napendekeza kiti kifunguliwe."

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti naye akapiga, kisha akafunua kitabu cha kanuni za tuzo kilichokuwa mezani. "Naona kifungu cha ishirini na mbili kinasema mapendekezo ya mshindi yatatekelezwa mara moja, mbele ya mgeni rasmi."

Kifungu hicho Kaimu alikitia mwenyewe. Uzoefu wake ulikuwa kwamba wanafunzi hupendekeza serikali iendelee na juhudi zake.

"Basi tutekeleze," alisema Mwenyekiti kwa furaha. "Tufungue kiti gani, mwanangu?"

Binti alisita. "Sijui cha nani, mheshimiwa. Lakini kama ni kuanza, tungeanza na hicho kinacholia."

Mwenyekiti alijisogeza ili aone kama ni kweli. *Kwaru.* Akainuka kwa tahadhari, kama mtu aliyeambiwa ana mdudu mgongoni.

"Nani ana bisibisi?"

Kaimu alimtazama Bi Mhazili, akamtikisia kichwa taratibu, akamtikisia kwa haraka. Bi Mhazili aliona. Alikuwa amewapigia chapa wakurugenzi wanne, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumtikisia kichwa bila kumwandikia.

"Ninayo mimi, mheshimiwa," alisema, akafungua mkoba. "Bosi aliniagiza nije nayo. Alisema leo lazima itahitajika."

Watu wakageuka kumpongeza Kaimu kwa maandalizi.

Binti alikipindua kiti kama mtu anayemgeuza mtoto ili amfunge kanga vizuri. Skrubu mbili zilikuwa ngumu. Mbili zilitoka kwa kidole. Ubao ukatoka pamoja na mto wake, mto ukanyanyuka, na barua ikabaki juu ya ubao, imesuguliwa mpaka ikawa laini kama kitambaa. Mwenyekiti aliivuta, akaisoma kwa sauti, kwa kuwa alikuwa na kipaza sauti mkononi na hakuwa na desturi ya kuacha kukitumia.

"'...kukaimu kwa siku ishirini na moja...' Ya mwaka gani hii?" Akahesabu kwa vidole, kikabaki kimoja tu. "Wewe! Siku ishirini na moja zako ziliisha lini?"

"Mheshimiwa," alijibu Kaimu kutoka ukutani, "hakuna aliyekuja kuniambia kwamba zimeisha."

Mwenyekiti alicheka. Alicheka mpaka tai ikapanda begani, na safu nzima ya mbele ikacheka naye, vitambi vikirukaruka juu ya ngozi na mahameli. "Karani wa stoo!" alisema mmoja, akijifuta machozi. "Miaka tisa! Kweli watu wamekosa haya."

Mjane hakucheka. Alikuwa amekwisha kufika jukwaani, akachukua kipaza sauti kutoka mkono wa Mwenyekiti, akasubiri mpaka kelele zikaisha.

"Asanteni. Kabla ya huyu binti kupewa vitabu, naomba tusimame wote kwa dakika moja, tumkumbuke marehemu."

Wanafunzi walisimama. Wapagazi mlangoni walivua kofia. Bi Mhazili alisimama, mkoba kifuani.

Katika safu ya mbele hakusimama mtu. Mkuu wa idara moja aliinuka nusu, akamwona binti wa fundi na bisibisi yake mkononi hatua mbili kutoka kwake, akarudi chini. Mwingine alianza kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba. Wote walikuwa wamekaa wima sana, mikono yao imeshika mikono ya viti, na nyuso zikitazama mbele kama za watahiniwa wanaosikia mlango unagongwa. Mwenyekiti wa Bodi alikumbuka ghafla kwamba mtu wa hadhi yake hasimami peke yake, akarudi haraka kwenye kiti chake, ambacho hakikuwa tena na mto wala ubao, akazama mpaka kwapani. Hakuomba msaada. Ilikuwa dakika ya ukimya.

Kati ya wakubwa wote wa jengo lile, aliyesimama kumkumbuka marehemu alikuwa mmoja, kule ukutani. Kaimu alitazama chini. Visigino vyake viligusa sakafu. Alijaribu kukohoa, akakuta hana kikohozi.

Hakuadhibiwa. Adhabu ilihitaji sahihi ya Mkurugenzi, na ilibainika kwamba Mkurugenzi hakuwepo kwa miaka tisa. Alirudishwa tu stoo ya samani, kwenye kazi ambayo, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuwahi kuiacha. Bi Mhazili aliteuliwa kukaimu kwa siku ishirini na moja, akaibandika barua yake ukutani, chini ya kalenda, na kila jioni akaweka alama ya siku iliyopita kwa kalamu nyekundu.

Siku ya nane, karani wa stoo alikuwa akihesabu miguu ya meza na kuiandika ilivyo. Tangu sherehe alikuwa hajaota chochote. Gari likasimama nje, nyuma yake jingine, na nyuma ya hilo mengine manne. Dereva wa kwanza aliingia amekumbatia kiti cha mahameli, mgongo mrefu, kizima kabisa, chenye kikaratasi kilichobandikwa: *Kikazwe. Kisifunguliwe.*

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kina nini?"

"Hakina kitu. Bosi anasema ukikaze tu. Yupo garini, anasubiri."

Karani alichungulia dirishani. Katika kila gari, kwenye kiti cha nyuma, mkubwa mmoja alikuwa ameteremsha kioo na kunyoosha shingo, akimtazama mikono.

"Mwambie bosi wako utaratibu wa stoo haubadiliki," alisema. "Samani zote zinazopokelewa hukaguliwa."

Akavaa miwani, kwa kuwa sasa kulikuwa na cha kusoma. Akatoa bisibisi yenye mpini mwekundu, ambayo Bi Mhazili alimrudishia, kutoka katika kitambaa chake, akakipindua kiti. Skrubu ya kwanza ilikuwa imelegea tayari.